Akili Ikiruka kwa Ghafla: Sababu Itafutwe Wapi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akaifanya akili kuwa ndiyo mlango wa amri zake na makatazo yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeletewa barua na ndugu zetu wa Mashimoni, katika Kibera ya Nairobi. Baadhi yao ni Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa KAR wakakalishwa katika msitu ule tangu mwanzo wa karne iliyopita. Na baadhi ni watoto wa pwani yetu hii waliokwenda bara kutafuta riziki. Wanauliza: mtu aliyekuwa mzima akirukwa na akili kwa ghafla, je, kumtafutia sababu katika mwili wake, apimwe joto na damu na mkojo, kabla ya kumtafutia sababu katika ulimwengu wa majini, ni upungufu wa imani? Na wametueleza kuwa jambo hili limewafarikisha hata watu waliokuwa wakisali safu moja hawapeani mikono. Twaona si suala la Mashimoni peke yake. Ni suala la Kawangware, na la Majengo, na la Mji wa Kale wa Mombasa, na la Lamu, na la Ng'ambo ya Unguja. Kila nyumba ya Kiislamu imelipitia au italipitia.

Kwanza twawakumbusha kisa cha Maiz bin Malik. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akakiri mbele yake kosa la zinaa, akataka asafishwe. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim na vitabu vingine, na masheikh wetu husomesha kwacho hukumu ya hadi. Sisi twataka kukitazama kwa upande mwengine. Mtume hakukimbilia hukumu. Aliuliza kama mtu yule ana wazimu, akaambiwa hana. Kisha akauliza kama amekunywa ulevi. Akainuka mtu akamnusa kinywa chake, asipate harufu yoyote ya tembo. Hebu yatazameni mambo haya yalivyofuatana. Mtu amesema maneno mazito ambayo mwenye akili timamu hayasemi kwa urahisi, kwani yampeleka kwenye mauti. Na Mtume wa Mwenyezi Mungu, ateremshiwaye wahyi, anawauliza wamjuao kuhusu tabia yake ya kila siku, kisha mwili wake unakaguliwa kwa pua. Hapana aliyesema katika mkutano ule kuwa kuuliza kama amekunywa ni kupunguza imani. Pua ya sahaba yule ndiyo kipimo kilichokuwako siku zile. Leo viko vipimo vingine, na mwenye kuvikataa hana hoja kwa Mtume.

Tena yajulikana kuwa Mtume aliulizwa na mabedui kama watafute dawa, akawaamrisha watafute, na akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na alijiwa na mwanamke mweusi mwenye kuanguka, akimshitakia kuwa akianguka hufunuka nguo. Akamkhiyarisha baina ya subira yenye pepo na kuombewa afya, naye akakhiyari subira, akaomba asifunuke tu, akaombewa. Khabari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hakufungwa kamba mwanamke yule, wala hakufukizwa, wala hakuulizwa jina la aliyemo ndani yake.

Watasema baadhi ya wanafunzi wetu, na tumelisikia kwa masikio yetu: "Sisi ni Ash'ari, hatusemi kuwa sababu hufanya kazi kwa nafsi yake. Moto hauchomi, kisu hakikati, ila kwa kuumba kwake Mwenyezi Mungu. Basi vipi tuseme kijidudu cha malaria kimeondoa akili?" Twasema: mmesema kweli katika itikadi, mkakosea katika matumizi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ndiye aliyelipanua neno hili la moto na pamba. Na ni yeye yule aliyeandika katika Ihya kuwa elimu ya utabibu ni faradhi ya kutosheleza, na akawalaumu watu wa zama zake kwamba mji mzima hauna tabibu ila asiyekuwa Muislamu, ilhali wanafunzi wanasongamana katika masuala ya khilafu ya fiqhi. Huyu hakuona mgongano baina ya mawili hayo. Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa kila kitokeacho, na amekadiria ada isiyobadilika ila kwa muujiza: akiumba moto kwenye pamba, huumba na kuungua. Asemaye kuwa kutafuta sababu ni shirki, na atie mkono wake jikoni. Aghlabu ya watu hawa wakiumwa na jino huenda kwa daktari wa meno mbio, wala hawamwulizi jini. Ni akili tu iliyotengwa na viungo vingine, kana kwamba ubongo haumo mwilini.

Na katika matabibu wetu wa kale, Ibn Sina, aliyefariki 1037, alipoandika katika Qanuni juu ya ugonjwa wa huzuni na kuvurugika kwa fikira, alitaja kuwa wapo wasemao kuwa hutokana na majini. Hakuingia katika ubishi. Alisema kwa maana kuwa sisi wenye kusoma utabibu halitushughulishi hilo. Kwani hata ikiwa ni jini, analolifanya ni kugeuza mizaji ya mwili, na mizaji iliyogeuka ndiyo sababu ya karibu, nayo ndiyo itibiwayo. Elimu ya mizaji minne imepitwa na wakati, lakini njia ile ya kufikiri ingali nzima. Mwenye kuamini kuwa nyuma ya kila jambo liko jini hazuiwi kupima damu, maana hata jini, kwa madai yake mwenyewe, hapati njia ya kumdhuru mtu ila kupitia mwilini mwake. Na miji yetu ya Kiislamu ilijenga nyumba za wagonjwa kwa wakfu, Damascus kwa Nuruddin mwaka 1154 na Cairo kwa Qalawun mwaka 1284, na ndani yake walipokewa waliorukwa na akili pamoja na wenye homa na majeraha. Hivyo ndivyo walivyokuwa waliotutangulia, kabla ya mambo haya kuachiwa wenye tunguri.

Sasa na tuje kwenye tukio lililosababisha barua hii. Yuko kijana wa pwani, fundi cherahani, ana mke na mtoto mmoja. Ijumaa alisali na wenzake. Jumamosi akasema kichwa chamwuma na mwili una baridi. Jumatatu kabla ya alfajiri akatoka chumbani akipiga kelele, akiwaona watu wasioonwa na mwengine, akamtukana babake, akamtalikia mkewe mbele ya majirani, na akatamka maneno ambayo ulimi wa Muislamu hautamki. Akaitwa mtu mwenye kujulikana kwa kupunga. Akasema ni jini wa baharini amemfuata kutoka kwao. Kijana akafungwa kamba mikono yote miwili, akafukizwa, akanyweshwa kombe, akachapwa bakora siku 3 ili atoke aliyemo. Siku ya nne akazirai, ndipo alipochukuliwa hospitali. Na kwa tone moja la damu ya kidole ikaonekana ana malaria, nayo imeshapanda ubongoni. Amepona akili zake, Alhamdulillahi. Lakini kiganja cha mkono wa kulia hakina nguvu ya kushika mkasi, na madaktari wamesema mshipa wa hisia ulibanwa na kamba.

Lililotushangaza zaidi ni hili: siku 10 kabla ya kuugua kwake kijana yule alikuwa Kwale kwenye arusi. Kila mtu wa nyumba ile alilijua hilo. Mpungaji naye alilijua, ndipo akasema jini amemfuata kutoka pwani. Kweli kilimfuata kitu kutoka pwani, nacho ni mbu. Nairobi iko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria huko ni chache; mwenye kukaa miaka mingi hupoteza ile kinga aliyokuwa nayo kwao, na akirudi nyumbani kwa sikukuu au matanga akaumwa na mbu, huugua baada ya siku 7 hadi 14 au zaidi, na huugua vibaya. Vijidudu vile hukaa ndani ya chembe za damu, chembe zikanata katika mishipa myembamba ya ubongo, damu isipite sawasawa. Mtu akaweweseka, akapigana, akazirai, na asipotibiwa akafa. Suala moja tu lilitosha: "Umesafiri?" Hilo ndilo kunusa kinywa kwa zama zetu.

Malaria si peke yake. Homa ya matumbo, taifodi, ni jirani wa kila penye maji machafu na vyoo vya kushirikiana watu wengi. Na uchunguzi uliofanywa Kibera kuanzia mwaka 2007 ulikuta homa hiyo ni nyingi mno huko kuliko katika vijiji vya magharibi ya Kenya vilivyochunguzwa pamoja nayo. Jina lake la kigeni limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya moshi au ukungu, kwa kuwa waganga wa kale waliona jinsi ivyofunika akili: mgonjwa hulala macho wazi, akinong'ona peke yake, akichumachuma shuka kwa vidole. Mara ngapi tumesikia kuwa mtu kama huyo "azungumza nao"? Kisha kuna homa ya uti wa mgongo, ambayo hukakamaza shingo na kuudhi macho kwa mwanga, na humwua mtu kwa siku chache, pengine kwa saa. Madaktari hutaka kuchoma sindano mgongoni watoe maji kidogo ya kupima, na jamaa hukataa wakisema sindano hiyo yapoozesha. Huchomwa chini ya mahali uti wenyewe unapokomea. Kinachopoozesha na kuua ni ugonjwa usiotibiwa. Na wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa wana maradhi ya ubongo ya namna yao, na huenda wazimu ukawa ndiyo dalili ya kwanza kuonekana.

Twataka kusimama kidogo kwenye kisukari, kwa sababu ugonjwa huu umejaa majumbani mwetu, na sisi watu wa halua na mahamri twajijua. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akikosa chakula, sukari ya damu hushuka; na ubongo hauna akiba ya sukari ya kuutosha hata kwa muda mfupi. Mtu mpole hugeuka mkali, hutoka jasho la baridi, hutetemeka, husema upuuzi, hata akapiga watu. Hutokea sana katika mwezi wa Ramadhani, alasiri, kwa mzee aliyekunywa dawa zake za daku kwa kipimo kile kile cha siku za kula na asimwulize tabibu. Ikiwa angali aweza kumeza, apewe maji ya sukari, na baada ya dakika chache utamwona anauliza kumetokea nini. Na ikiwa hawezi kumeza asitiwe kitu kinywani, apelekwe haraka. Jini gani huyu afukuzwaye kwa vijiko viwili vya sukari? Na ruhusa ya kufungua saumu kwa mwenye kuchelea madhara ni hukumu ya sheria, si udhaifu.

Na mzazi. Hapa ndipo twaona dhuluma kubwa kuliko zote, kwa kuwa mwenye kudhulumiwa hana sauti. Katika kila wanawake 1,000 waliojifungua, mmoja au wawili hupatwa na wazimu mkali, wengi wao katika wiki mbili za mwanzo. Hukesha, husema haraka haraka, humwogopa mwanawe au humdhania si wake. Yaweza kuwa ni ugonjwa wa akili uletwao na uzazi wenyewe, na yaweza kuwa ni usaha katika mfuko wa uzazi, au shinikizo la damu lililoleta mtukutiko, au upungufu mkubwa wa damu. Yote matatu ya mwisho humwua mwanamke huku kungwi na mama mkwe wakibishana kama ni jicho la jirani au ni jini aliyeingia kwa kuwa hakutimiza miiko ya arubaini. Mwanamke huyo asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo, na apelekwe siku ile ile. Aibu ya nyumba si hoja mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mzee aliyekuwa na akili zake, akaanza kwa usiku mmoja kuwaona marehemu na kutojua yuko wapi, mara nyingi ana ugonjwa wa mkojo, au wa kifua, au amekaukiwa maji. Aliyeanguka na pikipiki akajiona hana neno, kisha baada ya wiki akabadilika tabia, huenda damu imeganda chini ya fuvu. Mwenye kifafa huweza kuvurugika akili baada ya kuanguka mara nyingi mfululizo. Baadhi ya dawa nazo huleta haya: mefloquine, iliyokuwa ikitumiwa na wasafiri kujikinga na malaria, ilijulikana kwa jambo hili hata Marekani mwaka 2013 ikawekewa onyo kali, na baadhi ya dawa za kifua kikuu na za pumu. Tusisahau na mizizi ya waganga, ambayo hapana ajuaye kipimo chake.

Ulevi twautaja kwa ufupi, maana wasomaji wetu wanaujua. Bangi huleta wazimu kwa baadhi ya watu. Miraa na muguka zikitafunwa usiku kucha siku nyingi bila ya usingizi huleta dhana mbaya na sauti za kusikia. Na Mei 2024 serikali za kaunti za pwani zilipoipiga marufuku muguka, khabari hiyo ikaishia mahakamani, wakulima wakipigania riziki zao na wazazi watoto wao. Lakini liko moja lisilojulikana na wengi: mlevi wa siku nyingi akiacha pombe kwa mara moja, hushikwa na mtetemeko na kuona wadudu na watu, siku ya pili hadi ya nne, na huweza kufa kwa hilo. Kwa hiyo aliyetubu akavurugika akili baada ya toba yake asiambiwe kuwa shetani amekataa kumwacha. Apelekwe akatibiwe, toba yake ihifadhike.

Na lau msomaji atasema kuwa yako mambo ya ajabu yasiyoingia katika orodha hizi, twamwambia: mwaka 2007 madaktari wakiongozwa na Josep Dalmau huko Philadelphia walieleza ugonjwa uliowapata wanawake vijana waliokuwa wazima. Huanza kwa homa ndogo na kichwa, kisha hofu na wazimu, kisha kukunja uso na kupinda mikono kwa miondoko isiyokuwa yao, kisha kunyamaza kabisa. Mwenye kuwaona kwetu asingetia shaka kuwa wamepandwa. Ikadhihirika kuwa kinga ya mwili iliyoumbwa kupigana na maradhi imegeuka ikaushambulia ubongo, na wengine walikuwa na uvimbe mdogo katika kifuko cha mayai. Ukitolewa uvimbe na kutulizwa kinga, wengi hurudi katika akili zao. Kabla ya mwaka ule wagonjwa kama hao walikuwako, bali walikuwa hawana jina.

Haya yote hayana maana kuwa kila asemaye "sababu ni mwili" amesema kweli. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na tangu 1938 hadi 1950 ilikuwa chini ya daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Huyu mwaka 1953 alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Ulimwenguni, akadai kuwa Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Hakufungua ubongo wa mtu akalithibitisha hilo. Aliwatazama waliofungiwa mbele yake, chini ya utawala wa watu wake, akawahukumia bara zima. Waafrika wasomi wa elimu hiyo hiyo wakampinga, miongoni mwao T. A. Lambo wa Nigeria. Hiyo nayo ni ramli, ijapokuwa mpigaji wake amevaa kanzu nyeupe ya hospitali. Tofauti ya sababu na dhana ni ushahidi, na sharti hilo twalitaka kwa mganga na kwa daktari sawasawa. Wako na wauguzi ambao wakimwona mtu anapayapaya humwandikia wazimu na kumsukuma wodi ya wazimu bila ya kumtia hata kipimajoto. Hao na mpungaji wa Mashimoni wamefanya kosa moja, kutoutazama mwili ulio mbele yao.

Basi jamaa watazame nini? Watazame kama limekuja kwa ghafla, kwa saa au siku chache. Kama kuna homa, kichwa, kutapika, shingo ngumu au mtukutiko. Kama mgonjwa anapotea na kurudi, asubuhi yu sawa na usiku hajui ni siku gani wala yuko wapi. Kama anaona vitu zaidi ya kusikia sauti. Kama amepindukia miaka 40 na hajapata kuugua akili maishani. Kama amesafiri, ameanguka, amejifungua, ameanza dawa au ameacha ulevi. Moja katika haya likiwapo, mahali pake ni hospitali, na leo, si baada ya kusomewa siku saba. Kutoka Mashimoni hadi Hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta si safari.

Twajua pia kuwa wengi watapimwa kila kitu na kisionekane kitu. Wako wenye maradhi ya akili ambayo sababu yake haionekani kwa darubini wala kwa picha, nayo ni maradhi vilevile, yana dawa zake na matabibu wake. Kutoonekana sababu si dalili ya kuonekana jini. Wala sisi hatuyakanushi majini, maana yametajwa katika Kitabu. Tunakanusha mtu anayedai kumwona ndani ya mwana wa mwenziwe na kumtoza jogoo mweusi na fedha. Ibn al-Qayyim mwenyewe, ambaye watu hawa humtegemea, aliligawa suala la kuanguka mafungu mawili, moja la roho na moja la mizaji ya mwili, na hili la pili akalirudisha kwa matabibu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni sunna, na husomwa kitandani mwa hospitali kama isomwavyo nyumbani. Ngoma, damu, chano cha pepo na bakora si katika kusomea.

Limebaki suala la mkono wa yule kijana. Imepokewa kwa Abu Daud na wengineo kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni dhamini wa alichoharibu. Kwa hiyo mpungaji na waliomfunga kwa amri yake wana dhamana, na nia njema huwaondolea dhambi ya kukusudia, haiwaondolei malipo. Mkono haukufa wote. Umedhoofika, na kwa madhehebu yetu ya Shafi hapo hutazamwa hukuma, yaani fidia ikadiriwe na waadilifu kwa kiasi cha upungufu. Mahakama ya Kadhi kwa Katiba ya Kenya ya 2010 husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu tu, haina mamlaka ya fidia kama hii. Basi wasuluhishwe na wazee wa msikiti kwa maandishi, na ikishindikana, kijana ana haki ya kwenda mahakama ya serikali, na asilaumiwe kuwa amewashitaki Waislamu wenziwe. Fundi cherahani asiyeshika mkasi ana watoto wa kulisha.

Talaka aliyoitamka alfajiri ile haikupita, kwani kalamu imeinuliwa kwa asiyekuwa na akili. Mkewe ni mkewe. Maneno ya kufuru hayakumtoa katika Uislamu, wala hahitaji kutamka shahada upya. Karatasi ya hospitali iwekwe, itamfaa mbele ya Kadhi atakapotokea mtu wa kuitilia shaka ndoa ile. Na sala zilizompita katika siku ambazo akili yake haikuwapo hazilipi, kwa kuwa ilimwondokea kwa ugonjwa ambao hakujitia mwenyewe. Lau ingalimwondokea kwa kilevi alichokitumia kwa khiyari yake, akijua ni kilevi, angalilazimika kuzilipa zote, na hata talaka yake ingalimpita kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Ndipo wanazuoni wetu walipohitaji kujua akili imeondoka kwa sababu gani. Ama zile sala za Jumamosi na Jumapili, alipokuwa na homa na akili zake zingali naye, akiwa aliziacha azilipe.